Kitalu changu nimekipanga kwa koo

Kitalu changu kiko Kiembeni, Mombasa, kando ya barabara ya vumbi, na mteja akija mara ya kwanza lazima aulize mbona miche imechanganywa ovyo. Wenzangu huipanga kwa kazi yake: ya matunda huku, ya kivuli kule, ya maua mbele kabisa ili wapita njia wavutike. Mimi naipanga kwa koo. Mhina uko ubavuni mwa mkomamanga. Mwarobaini uko safu moja na mkangazi. Mdimu, mlimau, mchenza na mjafari imekaa pamoja chini ya wavu. Mibamia iko mguuni pa mibuyu michanga, na hapo ndipo watu hunitazama vibaya zaidi.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale alikuja kutafuta mhina wa kupanda uani. Akazunguka, akarudi, akasimama.

"Mwanangu, hina na komamanga wapi na wapi?"

"Bibi, hawa ni damu moja. Na mlilana wa baharini ni wa tatu wao."

"Mlilana? Ule wa matopeni?"

"Huo huo."

Nikachukua komamanga nililokuwa nimeliweka mezani, nikamwonyesha lile taji gumu lililobaki kutoka kwenye ua. Kisha nikamtolea tunda la mlilana, la kijani, limekaa juu ya nyota ngumu ya ncha sita au saba, ambayo nayo ni mabaki ya ua. Akayageuza yote mawili kwa muda. "Kweli," akasema, "wana pua moja." Akanunua mihina miwili na mkomamanga akauacha.

Macho ya bibi yule yaliona kitu ambacho wataalamu wenyewe walichelewa kukubaliana. Zamani mlilana ulikuwa na ukoo wake peke yake vitabuni, na mkomamanga ukoo wake. Miaka ya 1990 watu walipoanza kusoma DNA za mimea kwa wingi, zile koo mbili zikavunjwa, ikaonekana zote ni matawi ya ukoo wa mhina. Mchu nao, ule mti wa mikokoni wenye majani ya fedha kwa chini, ukahamishiwa ukoo mmoja na yale magugu ya maua meupe yaotayo chini ya minazi, ambayo wengine huyapika mboga. Nilisoma botania chuoni kabla sijarudi nyumbani kuuza miche, na hii habari ya nasaba ndiyo pekee niliyotoka nayo ambayo naitumia kila siku. Nayo naitumia kwa sababu moja: undugu wa viumbe huamua, kwa kiasi kikubwa, nani ataishi na nani. Ila unavuta pande mbili kwa wakati mmoja, na wanaouelezea kwa upande mmoja tu hunikera.

Tuanze na maadui. Chini ya ule wavu wa midimu, ukiinama ukatazama upande wa juu wa majani machanga, utaona kitu kama kinyesi cha ndege: cheusi, chenye baka jeupe katikati, kinang'aa kana kwamba bado kibichi. Kiguse kwa kijiti. Kinainua kichwa, na nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakujaa puani. Ni kiwavi cha kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, yule anayeruka bustani zote za Mombasa. Akikua kidogo anageuka kijani na kuupukutisha mche mzima. Sasa, mita moja kutoka hapo nina mwembe mchanga wenye majani laini kabisa. Hagusi. Nina mpera. Hagusi. Lakini mdimu, mlimau, mchungwa, mchenza, yote anaimaliza, na kule msituni hula ndugu zao wa porini. Kipepeo jike anapotafuta pa kutagia huonja jani kwa miguu, na anachokitafuta ni zile kemikali ambazo ukoo huu umerithishana tangu babu yao.

Kwa hivyo mbona nawaweka pamoja? Kwa sababu mimi ni muuza miche, na wavu mmoja ni rahisi kuliko wavu minne. Maadui wao ni wamoja, basi nawalinda kwa mkupuo. Lakini mteja akisema anataka kuipanda shambani, namwambia kinyume: tawanya. Mkulima wa mboga analijua hili bila kusoma nasaba ya mmea wowote. Hapandi biringani pale alipotoa nyanya, wala pilipili hoho baada ya biringani, maana mnyauko wa bakteria uliobaki udongoni utazikamata zote. Na yule nondo mdogo wa nyanya aliyetoka Amerika ya Kusini, aliyeingia nchini miaka ya 2010, akikosa nyanya huenda kwenye viazi, biringani na hata mnavu. Wote hao ni ukoo mmoja.

Kule Panama watafiti wawili, Gilbert na Webb, walilipima jambo hili msituni na kulichapisha mwaka 2007. Walichukua kuvu kutoka majani yaliyougua, wakaipaka kwenye majani ya miti ya aina nyingine, ya karibu na ya mbali kinasaba. Kadiri undugu ulivyokuwa wa karibu, ndivyo jani lilivyoelekea zaidi kuugua, na uwezekano huo ulipungua hatua kwa hatua kadiri nasaba zilivyoachana. Hebu fikiria maana yake kwa mche unaoota wenyewe msituni. Ukiangukia katikati ya jamaa zako, umeangukia pia katikati ya maradhi yao. Mgeni wa mbali anayeota papo hapo anapumua. Msitu ukiachiwa hivyo miaka mingi, ndugu wanasukumwa mbali mbali, na majirani wanakuwa watu wasiofanana.

Huo ni upande mmoja. Ukitaka kuona wa pili, shuka Junda, kwenye mikoko, maji yakipwa.

Kenya ina aina 9 za miti ya mikokoni. Mkoko wenyewe, muia na mkandaa ni ukoo mmoja. Mkomafi na mkomafi dume ni ukoo wa mwarobaini. Mlilana ni wa hina, kama nilivyosema. Kikandaa ni wa mkungu, ule unaoangusha kungu barabarani. Msikundazi ni jamaa wa mbuyu, pamba na bamia. Mchu una ukoo wake wa magugu. Hesabu: miti 9, koo 6. Ukichukua mimea yote ya pwani yetu ukaiweka kwenye mti mmoja wa nasaba, hawa 9 wametapakaa kwenye matawi yaliyo mbali mbali. Chumvi haikuuliza mtu ametoka kwa nani. Iliuliza swali moja tu: unaweza au huwezi?

Na majibu yalikuwa tofauti. Chuma jani la mchu asubuhi kabla ya mvua, lilambe. Ni chumvi tupu, na ukilishika dhidi ya jua utaona punje zenyewe. Mchu huiruhusu chumvi iingie kisha huitoa kupitia vitundu vya jani. Jani la mkoko ukililamba hupati kitu cha maana, kwa sababu mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi huko huko mizizini. Tazama na mizizi. Ile inayochomoza matopeni kutafuta hewa, myembamba kama kalamu, ni ya mchu. Ile minene, pana chini na nyembamba juu, ni ya mlilana. Ukoo wa hina na ukoo wa magugu, ambao nasaba zao zimeachana zaidi ya miaka milioni mia iliyopita, wote wamefika tope moja na kubuni kitu kimoja, kila mmoja kwa njia yake.

Ila ukisimama hapo hapo ukatazama mkoko, muia na mkandaa, hadithi ni nyingine. Hawa watatu wote mbegu zao huota zikiwa bado mtini. Ule mkuki wa kijani unaoning'inia ni mche tayari, hauhitaji kungoja ardhi. Hawakubuni kila mmoja peke yake. Babu yao aliyeingia mikokoni mara ya kwanza ndiye aliyewaachia, na duniani kote tawi lao zima ni la mikokoni. Hapa undugu umewaleta pamoja. Walirithi tiketi ya kuingia. Na baada ya kuingia wakagawana nafasi: mkoko ukashika kule maji yanakofika mara nyingi, muia ukakaa nyuma yake, mkandaa ukapanda juu zaidi kwenye ardhi inayokauka na kupasuka. Vijana wanaopanda mikoko mtoni Tudor wanaijua mipaka hiyo vizuri. Ukipanda mkandaa mahali pa mlilana, kalale nyumbani, hakuna utakachovuna.

Kwa hiyo katika eneo moja la matope, nusu saa ya kutembea, unaona wageni waliofananishwa na shida na ndugu waliofananishwa na urithi. Ndiyo maana napenda mikoko kuliko mfano wowote wa vitabuni.

Vitabuni jambo hili lilipata nguvu mwaka 2000. Webb yule yule, akifanya kazi katika msitu wa Borneo, alichukua orodha ya miti iliyokuwa ikiota pamoja katika viwanja vyake, akapima umbali wa nasaba kati yao, kisha akalinganisha na orodha zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka msitu ule ule. Miti iliyokaa pamoja ilikuwa jamaa wa karibu zaidi kuliko bahati nasibu ingetoa. Tafsiri ikawa hii: mazingira yanachuja, na kwa kuwa ndugu hufanana, wanapita kwenye chujio pamoja. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake watatu wakaandika makala iliyofungua mlango, watu wakaanza kupima kila kitu, kutoka ndege hadi bakteria. Kanuni ya haraka ikawa kwamba ukiwakuta ndugu wamerundikana, sababu ni mazingira, na ukiwakuta wametawanyika, sababu ni ushindani.

Rahisi mno. Mwaka 2004 mialoni ya Florida ilishaipinga: ndani ya kiwanja kimoja mialoni iliyokaa pamoja ilitoka matawi tofauti ya nasaba, na sababu mojawapo ni kwamba matawi hayo tofauti yalikuwa yamefikia, kila moja kivyake, tabia za kufaa udongo ule ule. Yaani chujio lilikuwepo, lakini waliopita hawakuwa ndugu, kama mchu na mlilana wetu. Na mwaka 2010 watafiti Mayfield na Levine wakaonyesha kwamba ushindani nao unaweza kuwarundika ndugu: ikiwa ukoo mzima umerithi urefu au kasi ya kukua, utawafunika wasio wa ukoo huo, nao watabaki peke yao uwanjani. Kwa hiyo ukiwakuta ndugu pamoja bado hujajua kitu. Lazima uulize ni tabia ipi inayohesabika mahali hapo, na kama tabia hiyo ilirithiwa au ilitafutwa. Nasaba ni mahali pa kuanzia kuuliza. Anayeichukulia kuwa jibu, mimi simwamini, hata awe na shahada ngapi.

Darwin aliyaona haya yote mapema, mwaka 1859, na yeye mwenyewe akavutwa pande mbili. Alisema vita vikali zaidi huwa kati ya aina za jenasi moja, yaani kikundi cha ndugu wa karibu ndani ya ukoo, kwa kuwa zinataka kitu kimoja. Kwa hoja hiyo, mgeni asiye na ndugu mahali anapofika ndiye atakayestawi, na alitaja mimea ya kigeni iliyoenea Marekani: aina 260 za jenasi 162, na jenasi 100 kati ya hizo hazikuwa na mwenyeji hata mmoja kule. Lakini alikiri pia kwamba mtu angetarajia kinyume chake, kwamba mgeni mwenye ndugu wenyeji angefaulu zaidi, maana ndugu hao ni ushahidi kuwa hali ya mahali inaufaa ukoo wake.

Sisi Mombasa tuna kesi yetu, na inatulilia mabatini kila alfajiri. Kunguru mwenyeji wa pwani hii ni yule mwenye kifua na shingo nyeupe. Kurabu, yule kunguru wa kijivu shingoni, ni wa Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1940 alishafika hapa. Hawa wawili ni jenasi moja kabisa. Kwa kanuni ya kwanza ya Darwin, mgeni angepata tabu, kwa kuwa ndugu yake alishakalia kiti. Ilivyokuwa ni kwamba mgeni alikaa yeye. Leo mjini, kuanzia Kongowea sokoni hadi Likoni, unaona kurabu tu. Mwenye kifua cheupe utamtafuta nje ya mji.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wasema wahenga. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Kunguru hawa hawakupatana. Ukiuliza kwa nini aliyeshinda ni mgeni, tazama tabia na si jina la jenasi. Kurabu alitoka kwenye miji yenye watu, majaa na vichinjio kwa karne nyingi. Alikuja akiwa ameshajifunza kuishi na binadamu, tena wanakaa wengi pamoja na kufukuza kwa umoja. Undugu ulimpa uwezo wa kula kile kile, na tofauti ndogo waliyokuwa nayo ikampa ushindi. Waliolipa zaidi si kunguru peke yao. Ni ndege wadogo, wanaonyang'anywa mayai na makinda. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaua kurabu milioni moja kwa sumu kabla ya mwaka kwisha. Kutoka hapa kitaluni naweza kusema tu kwamba kelele haijapungua.

Turudi kwenye miti, maana huko ndiko ninakolipwa. Karibu na kwangu kuna mfano wa chujio ambao wateja wote wanaujua bila kuujua: machimbo ya saruji ya Bamburi, ambayo leo ni Haller Park. Mwaka 1971 palikuwa jiwe tupu la matumbawe, hakuna udongo, jua linachoma, na maji ya chini yana chumvi. René Haller, mtaalamu aliyepewa kazi ya kupaotesha miti, alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizovumilia: mvinje, mnazi na damas, mti wa kule Somalia na Yemen.

Ukiitazama kwa haraka, mitatu hii haina uhusiano wowote, na ni kweli koo zao ziko mbali mno. Lakini fuata kila mmoja kwa jamaa zake. Mnazi na mvinje ni miti ya ufukweni tangu asili. Damas ni ukoo mmoja na kikandaa cha mikokoni na mkungu wa barabarani, na ukoo huo una watu wengi wanaozoea chumvi. Mvinje una ziada: mizizini kuna vinundu vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kama maharagwe, ingawa si jamii ya maharagwe. Tawi la nasaba lililo kubwa zaidi, linalobeba mvinje na maharagwe pamoja, ndilo ambalo uwezo huo hujitokeza tena na tena, na nje yake karibu hauonekani. Majani ya mvinje yalirundikana bila kuoza hadi majongoo wa miguu myekundu walipoletwa wakayala, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Baada ya hapo milango ikafunguka kwa miti mingine, na maswali yakabadilika, kwa kuwa mahali penye udongo na kivuli hapaulizi tena habari ya chumvi peke yake. Hapo ndipo maadui na ushindani wanaanza kupata sauti.

Juzi alikuja ami mmoja amejenga Shanzu. Kiwanja ni jiwe tupu, na maji ya kisima chake hayanyweki kwa chumvi. Anataka mti wa kivuli mbele ya baraza. Nikampeleka moja kwa moja kwenye safu ya mkungu.

"Huu ndugu zake wako baharini, ami. Chumvi yako hautaishtukia."

"Mkungu wanijazia majani uani. Nani atafagia?"

"Basi mvinje."

"Mvinje kama wa makaburini? La. Ule je?"

Alikuwa anauonyesha mche wa avokado. Nikamweleza kwamba katika miti yote iliyo hapa hakuna unaochukia chumvi kuliko huo, majani yataungua kwenye kingo kabla ya mwaka kuisha, na sijui ndugu yake hata mmoja anayekaa mikokoni. Akanisikiliza vizuri sana mpaka mwisho. Kisha akauliza bei, akatoa simu, akatuma pesa, na kijana wake akaubeba ule mche kwenye tuktuk.